Uhaba

Barua ilifika jioni, nikaisoma saa saba usiku,
umeme uliporudi; mara tatu kimya, ya nne kwa sauti.
"Tuna uhaba wa waandishi wa programu," waliandika,
na mamangu, Bi Saumu, aliyekuwa macho akisikiliza bomba
(bomba la Bondeni hukohoa kabla halijatoa),
akauliza toka uani: "Uhaba wa nini?"
"Wa watu, mama."
Akacheka hata akashika ukuta.
"Wa watu! Na huku twagongana mabega.
Uhaba naujua mie. Uhaba una rangi, ni ya njano,
una mpini, wabeba lita ishirini,
na Mwadime auleta kwa mkokoteni kwa bei aitakayo.
Ukibisha, waenda kwa jirani."

Mchana niliandikia kampuni ya kutoa mizigo bandarini,
orofa ya tatu, lifti imekufa toka mwaka wa uchaguzi.
Mfumo wa kujua kontena gani liko wapi,
lipi limelipiwa, lipi limelala Kilindini likila faini.
Niliujenga peke yangu, miezi kumi na minne.
Mshahara ulikuja kama maji ya mtaani:
kwa zamu, na wenye matangi kwanza.

Usaili niliufanya juu ya dari,
huko ndiko mtandao hukamatika.
Walikuwa watatu, kila mmoja na kidirisha chake.
Wakanitaka niugeuze mti, matawi ya kushoto yawe kulia,
nikaugeuza, na mwadhini wa isha akaanza
kabla kidole hakijafika kwenye kitufe cha kunyamazisha.
"Ni sauti gani hiyo?"
"Ni saa," nikasema.
Wakaandika kitu.

Kisha karatasi. Nairobi mara mbili kwa treni,
mara ya kwanza kidole gumba kilikataa kusomeka:
alama zimelika, kwa kibodi au kwa mipini ya madumu, sijui.
Mimi nijuaye fomu ipi yafungua lango lipi
nimekaa kitako, shehena isiyo mwenyewe,
nangoja wa kunigongea muhuri.
Parachichi zilivuka mbele yangu. Maua yalivuka.
Mimi, mwezi wa tano.

Sikuwa nimemaliza wiki sita Dortmund, simu ikalia.
Tajiri wangu wa zamani, Bwana Taibali:
"Makontena arubaini na moja yamegoma, mfumo wasema jana ni kesho.
Nimetangaza kazi, hapana mtu.
Tawfiki yuko Tallinn. Binti Nyevu, Toronto.
Yule kijana wa Changamwe yuko chumbani kwao,
lakini kichwa amewakodisha watu wa Sidney.
Bana, kuna uhaba."

Neno lile lile. Limerudi kwetu
bila viza, bila alama za vidole.

Kosa lilikuwa mstari mmoja, wa tarehe,
nilioandika mwenyewe siku ya njaa.
Nikaurekebisha kwa dakika tisa.
Nikamtoza kwa yuro.
Akalipa kesho yake. Mara ya kwanza.

Mama akanunua tangi la lita elfu moja.
Sasa Mwadime hapigi hodi kwetu,
na mama ananung'unika kwenye simu
kwamba hana tena wa kubishana naye asubuhi.

Huku bomba halikohoi. Lafunguka tu,
kama mtu asiyedaiwa.
Hata hivyo kila usiku naitoa ndoo chini ya sinki,
naijaza hadi ukingoni,
na asubuhi naimwaga.
Mwenzangu wa chumba, Mreno, aliniuliza kwa nini.
Nikatafuta neno kwa lugha ya wenyeji,
nikasimama na ndoo mkononi, yadondoka,
hata nikalikumbuka:
limo katika ile barua yao ya kwanza.