Kisanduku Kina Wapangaji

Aprili imeingia na matope hadi vifundoni.
Theluji ya mwisho imejibanza nyuma ya banda la kuni,
chafu, ndogo, kama mgeni asiyejua kuaga.
Saa nne nafungua makumbusho,
nampangusa vumbi kalunguyeye wa kabati la tatu
(macho yake vifungo vya koti,
miba imepauka tangu enzi za babu yangu),
kisha natoka nje na ndoo nyekundu.

Vyura wamevuka barabara usiku.
Si wote waliovuka.
Waliokwama ukingoni nawaokota mmoja mmoja,
au wawili wawili, dume kang'ang'ania mgongoni
kama mtoto aliyekataa kushushwa.
Baridi viganjani, wazito kuliko wanavyoonekana.
Nawashusha bwawani, nyuma ya ghala la mifupa.
Arobaini na saba. Naandika.

Daftari hili alilianza Heldur, mlinzi kabla yangu.
Mwandiko wake umelala upande, nyasi zilizopigwa na upepo:
"Korongo wa kwanza. Peke yake."
"Nyuki kwenye mierebi, adhuhuri, wanne."
"Leo hakuna kitu. Mvua. Goti."
Goti lake limo humo katikati ya ndege, bila maelezo,
miaka kumi na tisa ya goti.

Jumatatu Maarika wa posta alipiga kengele ya baiskeli, hakuacha.
"Milvi! Njoo uone walivyolifanya sanduku lenu!"
Ndani, chini ya mdomo wa bati:
kuvumwani, manyoya ya mbwa wa jirani,
uzi mwekundu ambao naapa ni wa sweta yangu,
na mayai tisa yaliyonyunyiziwa kutu,
kila moja sawa na ukucha wa dole gumba.
Mama mwenyewe, kifua cha njano, tai nyeusi,
alitufyonyea kama nyoka.

Mkurugenzi Vello alikasirika kwa dakika nne.
Kisha akatwaa kalamu nene, akabandika mlangoni:
BARUA WEKA CHINI YA JIWE.
KISANDUKU KINA WAPANGAJI.

Bili ya umeme ikalowa.
Mwaliko wa harusi ya mpwa wake ukalowa.
Konokono akala pembe ya barua kutoka wizarani,
na hakuna aliyesikitika.

Mwishoni mwa Mei shule ikaleta watoto, viatu vikilia sakafuni.
Kabati la tisa yumo ndege yuleyule,
kifua cha njano, tai nyeusi, mguu umeshonwa kwenye tawi.
Kibao kinasema: alipigwa risasi mwezi wa tano,
mwaka wa thelathini na moja.
Nimepita hapo maelfu ya mara nikiwa na kitambaa mkononi.
Kaur, yule asiye na meno ya mbele,
akabandika paji la uso kwenye kioo.
"Mwezi wa tano," akasema. "Kwa hiyo alikuwa na mayai nyumbani?"
Mwalimu akatazama saa yake.
Nikasema, "Huenda."
Nikawatoa nje wote.

Walilala kifudifudi mbali na sanduku, pua kwenye nyasi,
wakihesabu kwa kunong'ona:
amekuja na kiwavi, ameondoka, amekuja.
Ishirini na nane, kabla basi halijapiga honi.
Kindi alipita juu ya mgongo wa mmoja wao
na yule mtoto hakupumua.

Juni sasa. Sanduku kimya.
Wanane wameruka nilipokuwa nikinywa kahawa.
Yai la tisa limebaki kwenye uzi wangu, baridi, jepesi mno.
Vello analitaka kwa ajili ya kabati. Kibao ameshakichapa.
Nimemwambia nitalileta.
Leo siku ya nne.

Daftarini: "Wanane. Sikuwaona. Goti."

Asubuhi Maarika alisimama na bahasha mkononi,
akalitazama sanduku, akanitazama mimi,
akainama,
akainua jiwe.