Msoma Mita

Siku ya tisa ya mgomo, miguu yangu
imeamka saa kumi na mbili bila kuniuliza,
imevaa viatu vya mpira, imeshika njia ya Kivumbini
kama punda wa maji aijuaye milango ya wateja.
Mkononi sina daftari. Nina tawi la mkaratusi
lililosalia jana, limeanza kukauka.

Miaka kumi na mmoja nimeinama Nakuru hii.
Wengine huujua mji kwa nyuso,
mimi huujua kwa vifuniko vya chuma:
kwa Mama Gathoni kuna chura mmoja, mnene, haondoki;
kwa fundi Ekiru kifuniko kiliibwa kikauzwa kwa kilo;
kwa mwalimu Tirop buibui amekifumia kioo pazia
na lazima nimwombe radhi kabla ya kusoma.
Mita haina cheo.
Tone likipita, inahesabu.

Ndiyo maana siwaelewi wale wa ghorofa ya tatu.
Waliketi nasi, wakanywa chai, wakatia sahihi:
asilimia kumi na mbili, kuanzia Julai.
Julai ipi, hawakuandika.
Julai tatu zimepita zikituchungulia dirishani.
Sasa wanasema bajeti, wanasema subira,
wanaisema subira kwa Kiswahili safi kabisa,
mkurugenzi hata akaweka mkono kifuani.

Hati yangu ya mshahara naijua kwa kidole, gizani.
Tarakimu ya mwisho ni saba. Mwaka juzi, saba.
Unga umepanda, karo imepanda,
hata chura wa Mama Gathoni ameongeza uzito,
saba imekaa tu.
Ningekuta mita ya namna hiyo kwa mtu
ningeandika: IMEKWAMA. IBADILISHWE.

Jana langoni tulipuliza firimbi mpaka midomo ikafa ganzi.
Sarange wa stoo, ambaye huwa hasemi,
alipanda juu ya tangi bovu akafungua kinywa
tukayaona meno yake, kahawia kama yangu,
kahawia kama ya kila aliyelelewa na visima hivi.
Akasema, "Maji haya tumeyanywa tangu utotoni,
yametuandika mdomoni. Nani atatuambia
sisi si wa hapa?"
Watu walicheka. Kisha hawakucheka.
Askari mmoja, kijana, aliyekuwa akicheka nasi,
akafunga mdomo wake haraka.

Leo, nyuma ya kanisa la bati, nikasikia.
Sikio halijui kugoma.
Shiii, sauti ndogo,
kama mtoto anayenyamazishwa mbele ya wageni.
Nikainua kifuniko cha Mama Gathoni:
mshale mwekundu unakimbia, na uani hakuna anayechota.
Bomba limepasuka chini ya sukuma wiki,
na sukuma wiki, bila aibu, imenona.
Haba na haba. Mwisho wa mwezi hicho kibaba
ataletewa yeye, mjane, alipe.

Spana ilikuwa mfukoni. Imekuwa mfukoni siku zote tisa,
sijui kwa nini. Labda kama mtu anavyobaki na pete.
Nikakumbuka tulivyoapa: hakuna mkono utakaogusa koki.
Nikamkumbuka Sarange juu ya tangi.
Chura akanitazama.

Nikabisha hodi. Akatoka na leso kiunoni,
akadhani nimeleta bili.
"Sikuja kazini," nikamwambia. "Lete mkono."
Nikamwekea spana kiganjani, nikakunja vidole vyake juu yake.
"Kulia. Tena. Usiogope, ina ubishi kidogo."
Mshale ukapunguza mwendo, ukayumba,
ukasimama.

"Na nyinyi mtarudi lini?" akauliza,
akiinyoosha spana kunirudishia.
Niliitazama. Ilikuwa imelowa, na yeye pia, hadi viwiko.
"Kaa nayo kwanza," nikasema,
nikaliokota tawi langu.