Kidari

Chambuso wa buchani alinicheka:
"Kidari? Hicho kigumu, dada, chukua steki."
Nikakichukua, kilo mbili na mafuta yake.

Chumvi, pilipili manga, punje sita za kitunguu saumu,
basi. Ndimu nimeiacha.
Sufuria nzito, mfuniko mzito,
mkaa kiganja kimoja chini, juu nikapalia
kama mtu anayefukia kiazi majivuni.

Saa tatu. Saa sita. Tabata umeme umekatika,
mama Siwema kutoka ng'ambo ya ukuta: "Bado tu?"
Bado. Sifunui.
Kufunua ni kuanza upya.

Baba mkwe amekaa kizingitini.
Miaka thelathini alichuna ng'ombe Vingunguti,
nyama akauza, utumbo akala;
leo ana meno manne, yote ya mbele.

Alasiri nikamwekea sahani mapajani.
Akatafuta kisu. Nikamwambia hakuna.
Akabonyeza kwa kidole gumba: nyuzi zikaachana,
mafuta yakateremka hadi kwenye saa yake ya mkononi.

Alikula kimya. Kisha, bila kunitazama:
"Huyu ng'ombe," akasema, "alikuwa mzee."
Akaisogeza sahani tena.