Tisa na Kitu

Grenoble, Januari. Barafu imeuma kingo za mto Drac.
Ludivine Charvoz anafungua vali kwa mikono miwili,
kama anayekamua blanketi.

Ndani ya kiini nyutroni haizeeki.
Itoe, iwe huru, na saa yake inaanza:
robo saa haitimii kwa nyingi,
imebaki protoni, elektroni imetoroka,
na kile cha tatu kimepenya ukuta
bila kupiga hodi.

Wamezipoza hadi mwendo wa mtu anayekimbilia basi.
Wanazimimina chupani. Wanafunga.
Wanasubiri.
Wanafungua, wanahesabu zilizosalia.

Ng'ambo, Maryland, wenzao hawana chupa.
Wao huketi kando ya mkondo
wakihesabu maiti zinapoanguka.

Huyu ahesabu wazima, yule makaburi,
na madaftari hayapatani:
sekunde mia nane sabini na nane, wasema wa chupa;
ongezeni tisa na kitu, wasema wa mkondo.
"Chupa yenu inavuja."
"Na nyinyi kuna misiba hamkualikwa."

Odilon, fundi wa miaka thelathini na mmoja,
aliyeipaka mafuta kwa kiganja chake kila pembe,
anaigonga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza:
"Hii? Ivuje?"
Hasemi zaidi. Ameudhika hadi chakula cha mchana.

Tarakimu moja wameificha katika bahasha tangu Juni
asije mtu akalipenda jibu lake.
Leo, saa nne usiku, Ludivine anaichana,
anatoa, anajumlisha, anarudia kwa penseli.

Mia nane sabini na saba, nukta saba.

Hakuna aliyepiga makofi.
Pengo liko palepale, limekaa
kama kiti cha mgeni aliyesema anakuja.
Wapo wanaodhani ndani yake kuna mlango,
kwamba chache hufia upande tusiozikia.
Wapo wanaodhani kuna mtu amekosea skrubu.

"Sasa mwongo ni nani?" auliza Odilon.
"Sijui. Pengine hakuna."
"Lazima awepo."

Anainama kufunga kamba za kiatu cha kushoto.
Ludivine, bila kukusudia, anahesabu:
moja, mbili… nane, tisa,

na kitu.

Kisha anaufunga mlango wa chupa,
anaita kinu kwa simu:
tujazieni tena.