Kiti cha Kumi na Sita

Viti mia mbili na kumi na viwili.
Nimevihesabu tena asubuhi hii ya Jumamosi,
siku ambayo zamani, saa kama hizi,
hata kimoja kisingepatikana nyumbani.
Sasa vimepandana hadi darini
na mjusi ametaga kwenye cha juu kabisa.

Mgongoni mwa kila kiti kuna herufi K, rangi nyekundu.
K ya Kasaya. Nilizipaka mwenyewe
mwaka niliomaliza deni la hema kubwa,
maana hapa Chavakali viti hutembea:
unakodisha mia, vinarudi tisini na saba,
na mwaka wa pili unakikuta kimoja
jikoni kwa mtu, kimekaliwa na sufuria.

Redio ilisema serikali imetukumbuka.
Nikaongeza sauti.
Wenye mishahara watapunguziwa kodi.
Nikautafuta mshahara wangu, nisiuone.
Wazee watatumiwa kitu kidogo;
nina miaka hamsini na mmoja, uzee wangu haujaiva.
Vijana watalipwa kuzibua mitaro,
na Endeki, aliyenisimikia hema miaka tisa,
akaamkia foleni na jembe lake begani,
akaambiwa ujana wake umekwisha mwaka jana.
Wenye biashara, waende benki na vitabu vyao.

Kitabu ninacho.
Daftari la shule, kurasa arobaini na nane:
*Harusi kwa Kidiga, viti 120, hema 2, wamelipa.*
*Mazishi kwa Agoi, viti 80, bado 500.*
Karani alilifunua kwa ncha ya kalamu,
kama mtu anayefunua kidonda cha mwenzake,
akauliza kama kuna jingine.

Kisha akaja Vugutsa, mzee wa nyumba kumi,
na orodha ya wasiojiweza.
Alisimama mlangoni, barakoa kidevuni,
akautazama ukuta wa viti.
"Mama, wewe una mali."
"Mali hii hailiwi," nikasema,
na nilidanganya,
kwani thelathini na vinane tulikuwa tumeshavila,
kimoja kimoja, kwa bei ya unga.
"Hapa wanataka kazi. Niandike nini?"
"Andika viti."
Akaipekua karatasi mbele na nyuma.
"Hakuna mahali pa viti."
Akaomba maji, akanywa, akakawia kurudisha kikombe.
Baadaye nilisikia hata yeye hakuwemo.

Mwezi wa nane Endeki akafa.
Si ugonjwa ule, walisema,
ni kifua chake cha siku zote.
Mtu aliyeutia kivuli msiba wa kila boma
kutoka hapa mpaka Mudete
akazikwa saa tatu asubuhi, juani,
bila hema, bila matarumbeta,
watu kumi na watano kwa amri,
na askari langoni akiwahesabu kwa kidole.

Nilifunga viti kumi na vitano kwenye mkokoteni.
Halafu, sijui kwa nini, nikaongeza kimoja.

"Mama, hivi vimezidi."
"Naona."
"Na wewe mwenyewe umezidi."
Hakuwa mkali. Alikuwa mtoto wa watu,
amevimba macho kwa kukesha na kafyu.
Nikakichukua kile kimoja, nikavuka ua,
nikakiweka barabarani penye kokoto,
nikakaa.
Kupitia majani ya ndizi niliona migongo yao,
K, K, K, nyekundu,
na mkono wa mjane ukishika ukingo wa kiti
kama ungeweza kumponyoka.
Mahubiri sikuyasikia. Upepo ulikuwa wa kwenda Kaimosi.

Walivirudisha vyote siku hiyo hiyo,
vimepanguswa udongo miguuni.
Kwa mara ya kwanza hakikukosekana hata kimoja.

Usiku nikaliwasha koroboi,
nikafungua daftari penye ukurasa mweupe,
mkono ukaandika ulivyozoea:

*Mazishi kwa Endeki, viti 16, hema 0.*

Nikafikiri kidogo nani ananidai, nani namdai.
Nikaongeza:

*bado.*