Pini Mdomoni

Miaka minne nimeshona Fort Portal,
soko la Mpanga, ghorofa ya juu, karibu na ngazi,
nikijihesabu mtu wa watu.
Maneno hayakuwahi kuniishia.
Mteja akilalamika kiuno kimeongezeka
nilikuwa na viuno vinne vya kumsimulia:
vya dada zangu, cha mama mkwe,
na cha marehemu mmoja aliyevunja kiti msibani.

Jirani yangu wa cherehani ni Kabasinguzi.
Hukanyaga polepole, husema kwa nadra.
Jumatatu ya mvua akasimamisha gurudumu kwa kiganja:
"Mwanangu ameacha chuo. Amerudi usiku
na godoro kichwani. Hasemi kitu."

Nami, kabla pumzi yake haijatua:
"Ah, hilo dogo! Kaka yangu mimi..."
nikaondoka naye mpaka Bombo kwetu,
nikampitisha kwenye ada, kwa mwalimu mkuu,
kwenye machozi ya mama, ng'ombe aliyeuzwa.
Kila mwamba ngoma huvutia kwake;
mimi nilivuta mpaka ngozi ikachanika.
Nilipomaliza, nikijipepea kwa kipande cha kitenge,
alikuwa anaifunika cherehani yake.
Saa nne asubuhi.

Hakunigombeza. Heri angenigombeza.
Alisema tu, "Pole."
Kwangu!
Pole niliyopaswa kumpa, akaniachia mimi,
nikashinda nayo kama gauni la mtu mwingine
linalobana kwapani.

Na hapa ni Utooro.
Hapa mtu haamkiwi hivi hivi, kama mlango.
Unamuuliza kwanza empaako yake,
jina lile la mapenzi, Abwooli, Akiiki, Ateenyi,
ndipo salamu ipate pa kukaa.
Ya wateja nilizijua zote; ni biashara.
Yake sikuuliza.
Kati ya kiti chake na changu ni mita moja na nusu.
Nimeipima. Ndiyo kazi yangu.

Wiki tatu tukabadilishana habari na nzuri
kama watu wanaorudishiana chenji.

Kisha akaja shangazi wa bibi harusi, gomesi ya kijani,
nami nimepiga magoti kwenye upindo wake
na pini sita kati ya midomo.
Alianza na bei ya nyama.
Nilikuwa na la kusema juu ya nyama!
Pini zikanikataza.
Akapita nyama, akapita mahema,
akanyamaza, nikadhani amefika,
na mimi kimya, kwa chuma tu, si kwa hekima.
Ndipo akasema, akitazama ukutani:
"Walinialika mwisho. Baada ya dereva."

Kumbe maneno nayo yana bitana.
Sentensi ya kwanza ni kitambaa cha nje,
na mimi maisha yangu yote nimekuwa nikikata
kabla mtu hajageuza upande wa pili.

Kesho yake nilisogeza kiti. Nusu mita.
"Samahani nimechelewa kuuliza," nikasema.
"Empaako yako nani?"
Nikatia pini mdomoni haraka,
zote, ingawa mbele yangu hapakuwa na nguo.

Akazitazama pini. Akanitazama.
Alishona mkono mzima wa shati la shule,
akakata uzi kwa meno.
"Acaali," akasema.
Mvua ikapiga mabati, ikaacha.
"Jana amekula. Ugali wa ulezi, kidogo."

Hadithi ya kaka yangu ikapanda kooni,
imeshavaa viatu, iko tayari kwa safari.
Nikaimeza. Haikushuka vizuri.
Nikatoa pini moja, nyingine zikabaki.
"Na mboga gani, Acaali?"