Punje

Saa nane usiku ndipo mgongo wake ulipoamka.
Mchana Apolot alicheka, alipalilia karanga,
ila alisimama upande,
kama mti uliokulia njia ya upepo.
Ni madumu ya maji, walisema majirani wa Soroti.
Ni pepo, walisema wa kanisani.
Mimi nilijua aspirini tu:
mbili kwa mia mbili, dukani kwa Ekwaru,
na baada ya nusu saa maumivu yalilala
kama mbwa aliyerushiwa mfupa.

Mwaka na nusu. Kisha basi la Kampala,
picha, na kidole cha Daktari Namubiru
juu ya pingili ya tatu ya kiuno:
“Uvimbe, mama. Si saratani. Hauui.
Hauui, ila haumwachi mtu alale.”

Nusukaputi.
Saa tano nzima benchini,
sweta yake mapajani mwangu, ikishika joto langu.

Wakanitolea kichupa.
Ndani yake punje, ndogo kuliko choroko!
Nikataka kuitukana: wewe,
uliyempinda mwanangu kama upinde,
uliyekula ng’ombe wawili na cherehani yangu,
ni wewe huyu?

Leo nimefumua pindo la sare yake,
lile nililolipandisha upande mmoja
ili shuleni wasione.

Lakini saa nane bado naamka,
vidonge viwili kiganjani, kikombe cha maji.
Nasimama mlangoni.
Anakoroma.
Vidonge navirudisha koponi.
Maji nayanywa mimi.